Ng'ombe Niliyemkausha kwa Dagaa

Juzi mkaza mwanangu Zuhura alifungua friji kutoa maji, na mimi nilikuwa nimekaa pale jikoni kwao Katubuka nachambua mchele. Nikaona bakuli la dagaa limebanana na pakiti ya maziwa, wamelala pamoja kama watoto wa baba mmoja. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe.

"Zuhura, watoe hao dagaa hapo."

"Wamefanya nini, Mama?"

"Wamelala na maziwa."

Akacheka mpaka akashika mlango wa friji. "Mama, friji haina habari hizo." Lakini akawatoa, ana adabu huyu binti, akawaweka chini kwenye droo ya mboga. Jioni nikamsikia akimwambia mwanangu kwamba Mama leo kazungumza mambo ya dagaa kulala na maziwa, labda tumpeleke akapimwe presha. Sina presha. Nilikuwa nimemkumbuka ng'ombe tu. Na ninyi wenzangu mliofua nguo kwa majani ya mpapai mtanielewa nikieleza, ila mnivumilie, maana shule niliishia la tatu, na hata hilo la tatu sikulimaliza vizuri.

Nyumba yetu ilikuwa Rusimbi, pale Ujiji karibu na ziwa, nyumba ya tofali za udongo yenye ua mkubwa na mlango wa uani usiofungwa kamwe. Hapo nilikua na Baba, Mama, na mama yake Baba, ambaye mimi nilimwita Bibi wa Chini. Usidhani ni tusi. Mama yake Mama alikaa milimani huko Kasulu, nikamwita Bibi wa Juu, basi huyu wa ziwani akawa wa Chini. Wote wawili walijua ninavyowaita, na kila mmoja aliamini jina lake ndilo bora. Bibi wa Chini alisema chini ndiko maji yanakokwenda, na yalipo maji ndipo palipo na watu. Bibi wa Juu alisema chini ndiko uchafu unakokwenda. Mnaona nilipozaliwa.

Baba alikuwa mchuuzi wa dagaa. Alikwenda kwa boti mpaka Kagunga kuwanunua, akirudi anawapandisha milimani kwa baiskeli, magunia mawili nyuma na moja mbele, anasukuma zaidi kuliko anavyopanda. Huko ndiko alikomwona Mama. Watu wengi wa juu wakati ule walikwishazoea dagaa, walinunua sokoni bila tatizo, lakini boma la kina Mama lilikuwa la watu wa ng'ombe, na kwenye boma la ng'ombe samaki alikuwa hapiti hata mlangoni. Baba alikuwa anaacha baiskeli mbali, anaoga mtoni, anabadili shati, ndipo anakwenda kuchumbia. Na bado Bibi wa Juu alimnusa. Siku ya harusi, hii nimesimuliwa, alikaa pembeni akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mwanangu leo ameolewa na samaki." Baba akajibu, "Lakini samaki mwenye heshima, Mama." Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Sasa Mama alipoteremka Ujiji alikuta dunia nyingine, ijapokuwa ni mwendo wa siku moja tu kwa lori. Kwetu kila kitu kiliogelea kwenye mawese, maharage mawese, sombe, yaani kisamvu, mawese, hata muhogo wa kuchemsha Bibi wa Chini aliudondoshea kidogo "uteleze." Mama alikuwa amezoea maharage ya maji na chumvi. Kwetu watu walipiga kelele, mtu yuko barabarani anaongea na aliye chooni. Kwao mtu akikusalimia anakushika mikono yote miwili, anakuuliza habari ya kila aliye hai nyumbani kwako, polepole, kama anayekupima. Mama alipomfanyia hivyo muuza mkaa, yule bwana akadhani amefiwa.

Lakini jambo kubwa lilikuwa kula. Kwetu tulikula uani, sinia moja, mlango wazi, na kila anayepita lazima aitwe. "Karibu ugali!" Hata kama ugali wenyewe umebaki tonge mbili. Mama hakuweza. Kwao mtu hali mbele ya watu, mlango unarudishwa, mgeni akija anakohoa kwanza nje ili watu wafunike chakula. Kwa hiyo Mama alikuwa anachukua chake kwenye kibakuli, anakwenda kukaa kwenye kona ya jiko, anatugeuzia mgongo, anakula kimya akiutazama ukuta. Bibi wa Chini hilo lilimchoma kama mwiba wa samaki kooni.

"Weye Mama Tatu," alisema siku moja, tonge mkononi. Tatu ndiyo mimi. "Sisi tumekuwa wachawi hata unatuficha tonge lako?"

"Hapana, Mama."

"Basi geuka."

"Naona aibu, Mama."

"Aibu ya nini? Una meno ya mamba?"

Mama aliendelea kuutazama ukuta. Watoto wa jirani nao walikuwa wanapita pale mlangoni wanaona ule mgongo, na wakinikuta kisimani wananiimbia, "Mama yake Tatu anakula kama mwizi!" Nilipigana kwa ajili ya wimbo ule. Nina kovu hapa juu ya jicho. Lakini ukweli lazima niuseme, na mimi moyoni niliamini kwamba Mama hatupendi. Mtoto akiona mgongo anadhani ameona hukumu.

Ngoja nieleze habari ya chombo, maana bila chombo hakuna kisa.

Mama alikuja na kitu kimoja cha thamani kutoka kwao, chombo cha mti cha maziwa, kimechongwa kutoka gogo moja, mdomo mpana, mwili umenona, kimekuwa cheusi kwa kufukizwa moshi wa majani. Alikitundika chumbani juu ya kitanda, mbali na jiko, mbali na dagaa. Mara mojamoja ndugu yake mmoja aliyefuga ng'ombe pembeni ya mji alimletea maziwa, na siku hizo Mama alikuwa mtu mwingine. Alikiteremsha kile chombo, anakinusa kwanza, amefumba macho, ndipo anamimina. Na mimi aliniruhusu kunusa. Kilikuwa na harufu ya moshi na siagi na kitu kingine ambacho sina jina lake mpaka leo. Siku hiyo mimi na yeye hatukula samaki kutwa nzima. Aliniambia kwao ukichanganya samaki na maziwa, ng'ombe anakauka. Nikauliza, ng'ombe atajuaje? Akasema, "Ng'ombe anajua."

Ikawa siku moja Baba yuko Kagunga, na dagaa wa safari iliyotangulia, waliofika na unyevu, wameanikwa uani kwenye mikeka, wengi, ua mzima unang'aa kama umemwagwa sarafu. Mama alikwenda kisimani. Mvua ya kwetu mnaijua, haibishi hodi. Wingu lilitoka upande wa Kongo likapita juu ya ziwa, na kabla Bibi wa Chini hajamaliza kusema "Yee mama!" matone yakaanza. Dagaa wakilowa mara ya pili ndiyo basi, wanatoa funza. Bibi akaanza kukimbia na alikuwa mwanamke mnene, anakusanya kwa ndoo, kwa sufuria, kwa ungo, kwa beseni la kuogea, vyote vikajaa. Mimi namshikia. Akaingia ndani, akatoka na kile chombo cha Mama.

Sitawadanganya wenzangu. Niliona na nilijua. Mdomo wangu ulifunguka kabisa. Lakini mvua inapiga, Bibi anafoka "kinga hapo, kinga hapo!" nami nikakikinga. Mikono hii ndiyo iliyoshika.

Mama alirudi amelowa, ndoo kichwani. Akatua ndoo. Akaona chombo kiko kwenye kizingiti cha jiko, dagaa wamejaa mpaka wanachungulia. Nilitegemea apige kelele, maana kwetu mtu akikosewa anapiga kelele, majirani wanakuja, wanaamua, mnakula pamoja, yamekwisha. Mama alichuchumaa. Aliwatoa dagaa mmojammoja, akawaweka kwenye ungo, akakiosha chombo mara tatu, akakinusa, akakiweka chini taratibu kama unavyomlaza mtoto aliyekufa.

"Nimeokoa chakula cha mume wako," Bibi wa Chini alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo. "Chombo kinaoshwa."

"Ndiyo, Mama."

Asubuhi Mama alifunga nguo zake na zangu, akanishika mkono. Chombo akakiacha palepale jikoni. Bibi wa Chini alitufuata mpaka kwenye lori, akanikamata mimi, akanifungia kitu kwenye pindo la kanga. "Dagaa wa kukaanga," akaninong'oneza. "Huko wanakula maharage tu, mjukuu wangu. Roho ikikuuma, tafuna mmoja."

Huko juu kulikuwa na baridi, na kimya. Nadhani kimya ndicho kilichonitisha zaidi. Bibi wa Juu alitupokea mlangoni, akamshika Mama mikono yote miwili, wakasimama hivyo muda mrefu wakiulizana habari ya watu wote, kuku nao nadhani waliulizwa, lakini habari ya kwa nini tumekuja hakuiuliza. Kisha akaniangalia mimi. Akainama akaninusa kichwani. Akaleta majivu na maji ya moto.

"Sukutua, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu. "Sukutua, tema. Tena. Wewe umejaa ziwa mdomoni."

Alinieleza sheria zake kwa Kiswahili chake cha kupapasa. Maziwa ningepewa baada ya siku kadhaa, tumbo likishatakata. Kwenye boma lake mwenye samaki tumboni hanywi maziwa ya Gaju. Gaju alikuwa ng'ombe wao mwekundu, mpole, ana pembe moja imejipinda kama inasikiliza. Ndiye pekee aliyekuwa akikamuliwa wakati huo. Mjomba Filipo, kaka yake Mama, alimkamua asubuhi na jioni akimwimbia, na kwa kweli hata sisi Ujiji hatuimbiani vizuri hivyo.

Watoto wa huko nao walikuwa na wimbo wao. "Tatu ananuka dagaa! Tatu ananuka dagaa!" Ziwani mimi ni mtoto wa mwizi wa tonge, mlimani mimi ni dagaa. Nikawa nakaa peke yangu nyuma ya nyumba kwenye migomba, nafungua pindo la kanga, namtafuna mmoja. Mmoja tu. Chumvi yake ilinirudisha nyumbani moja kwa moja, nasikia mpaka makasia.

Na Mama? Mama nilidhani amefika kwao, amefurahi. Alikula mlango umefungwa kama anavyopenda, kila mtu amejiinamia, hakuna wa kumwambia geuka. Lakini siku moja nikamwona ameonja maharage, amekaa na kijiko, akasema polepole kama anayejisemea, "Hayana mawese." Bibi wa Juu akamtazama kwa pembe ya jicho. Mama akaona haya, akaendelea kula.

Mwanamke aliyerudi kwao hajirudishi, anasubiri kufuatwa. Hilo mnalijua. Nikamsikia Bibi wa Juu akimwambia Mjomba Filipo, mimi nikiwa nimejilaza kwenye ngozi wakidhani nimesinzia: "Mume wake atakuja. Akija, nikimpa maziwa, tumepatana, amchukue mkewe. Nikimpa maji matupu, ajue binti yangu harudi tena kwenye dagaa." Mjomba akasema, "Sawa, Mama." Basi nikafurahi, maana maziwa yalikuwepo, Gaju yupo. Nikajua tutarudi.

Haukupita muda, alasiri moja nimetoka kwenye migomba, nimetafuna dagaa wangu wawili maana siku hiyo roho iliuma sana, Bibi wa Juu akaniita. Ameshika kibuyu. "Leo tumbo lako limetakata. Kunywa." Ningesema nini? Ningesema bibi, tumbo langu lina dagaa wawili waliokufa juzi? Nilikunywa. Yalikuwa matamu, yana moshi uleule wa chombo cha Mama, na kila funda liliposhuka nilihisi linawakuta wale dagaa kule chini na wanagombana.

Siku ya pili yake Mjomba Filipo alirudi na chombo chao cha kukamulia kina maziwa kiganja. Baada ya siku chache akarudi na chombo kitupu. "Gaju amekauka," akamwambia Mama. Mama akakaa chini kwenye kizingiti, akaegemeza kichwa kwenye mwimo wa mlango.

Wenzangu, nimezika mume, nimezika watoto wawili. Lakini uzito ule wa siku ile sijausahau, kwa sababu mtoto hajui kugawa kosa, analibeba lote. Nilijua mimi ndiye. Nimemkausha ng'ombe, Baba atakuja, atapewa maji, na Mama harudi tena nyumbani, kwa ajili ya dagaa wawili. Nikaenda kuwafukia waliobaki chini ya mgomba. Kila asubuhi nikawa nasukutua kwa majivu mpaka midomo ikapasuka. Na Gaju akirudi malishoni namfuata, namshika sikio la upande wa ile pembe iliyojipinda, namwambia, "Gaju, nisamehe. Nimeacha. Toa kidogo tu, ya Baba peke yake."

Mjomba akanikuta. "Unamwambia nini?"

"Namsalimia."

"Salamu ndefu hiyo," alisema akicheka. "Wewe kweli ni mtoto wa huku."

Wakaja. Watoto ndio waliotangulia kupiga kelele, "Watu wa dagaa! Watu wa dagaa wamekuja!" Nikatoka mbio, nikamwona Baba anapanda kile kilima, shati limelowa, na nyuma yake, jamani, Bibi wa Chini. Mwanamke ambaye hajawahi kwenda mbali zaidi ya stesheni ya Kigoma. Amekaa juu ya jiwe kando ya njia, kanga moja anajipepea, kifurushi mapajani, anahema.

"Tatu!" akaniita. "Kumbe mnaishi huku karibu na Mungu? Si mngemwomba awasogeze chini kidogo!"

Nilimkumbatia nikanusa mawese na ziwa na jasho, nikalia. Akadhani ni furaha.

Ndani tuliketi kwenye mikeka. Baba akasema "Shikamoo, Mama," kichwa chini. Bibi wa Chini akaanza salamu zake za Ujiji, haraka haraka, lakini Bibi wa Juu alimshika mikono yote miwili akamsalimia kwa mwendo wake, polepole, mpaka Bibi wa Chini akaishiwa majibu, akabaki anasema "salama, salama, salama." Mama alikuwa ameketi karibu na ukuta, ametupa mgongo nusu. Bibi wa Juu akaingia chumba cha ndani. Akarudi na kibuyu, akakiweka mbele ya Baba.

Baba alitazama ndani. Alikwenda milimani miaka mingi, alijua maana yake. Yalikuwa maji. Hakuyagusa. Akairudisha mikono yake magotini, na Mama akainamisha kichwa zaidi, maana ile ni nyumba ya watu wasiosema.

Mimi nikapasuka kwa sauti ya Ujiji. "Ni mimi! Nimemkausha Gaju mimi! Nilikula dagaa nikanywa maziwa! Msimwache Mama, niacheni mimi!"

Nililia mpaka kamasi zikaingia mdomoni. Baba ananitazama haelewi. Nikaeleza yote, pindo la kanga, migomba, dagaa wawili, sikio la Gaju. Mjomba Filipo ndiye wa kwanza kusema, na alisema akikuna shingo, anatazama chini.

"Tatu, mama. Gaju ana mimba. Ng'ombe mwenye mimba anaachishwa kukamuliwa, ndama apate nguvu. Si wewe."

"Mimba ya miezi mingapi?" Mama aliuliza. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akiuliza kitu mbele ya watu.

Mjomba akamtazama mama yake. "Bado kidogo," akasema. "Ilikuwa tungoje kama mwezi hivi. Mama ndiye aliyesema tumwachishe mapema."

Kimya kile sasa kilikuwa cha Bibi wa Juu peke yake. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe, akakaa ndani yake. Hakutaka binti yake arudi, wala hakutaka kutamka kwamba hataki, basi akamfunga ng'ombe maziwa, aseme badala yake. Na mimi mtoto wa miaka saba nikaubeba mzigo ule wiki nzima na midomo yangu imepasuka. Alinitazama ile midomo. Kisha akasimama, mkongwe yule, akakichukua kile kibuyu cha maji kutoka mbele ya Baba, akatoka nje. Tukadhani amekasirika. Alikwenda kwa jirani kuomba maziwa, yeye ambaye watu ndio waliokuwa wakimwomba.

Aliporudi na maziwa, Bibi wa Chini alinyoosha mkono kumzuia. "Ngoja, mwenzangu." Akafungua kifurushi chake. Ndani kulikuwa na chombo cha Mama. Alikuwa amekisugua kwa mchanga wa ziwani mpaka weusi wote umetoka, kimekuwa cheupe kama mfupa. Alikinyoosha kwa mikono miwili.

Bibi wa Juu akakipokea, akatia pua ndani, akavuta pumzi.

"Bado kinanuka," akasema.

"Kinanuka," Bibi wa Chini alijibu. "Nimesugua mpaka mabega yakaniuma, kinanuka. Ndiyo maana nimekileta mwenyewe, sikumpa huyu mwanangu akubebee." Kisha akaniambia mimi, "Nionyeshe hayo majivu yenu yako wapi."

Nikamletea. Bibi mzima, mwenye wajukuu, Mmanyema wa Ujiji aliyezaliwa na samaki mdomoni, akachutama mlangoni mwa watu wa ng'ombe akasukutua kwa majivu. Akatema. Akasukutua tena. Watoto wa boma wamejaa hapo wanamtazama, naye anawakonyeza. Mara ya tatu alipomaliza alifuta mdomo kwa kanga, akarudi kukaa, akapokea maziwa akanywa, akampa Baba, Baba akampa Mama.

"Haya," alisema Bibi wa Chini, "kama kuna ng'ombe atakayekauka leo, basi alikuwa na sababu zake."

Hapo ndipo nilipomwona Bibi wa Juu akicheka. Alificha mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalicheka.

Chombo kilibaki kwangu. Kwa maziwa hakikufaa tena na kwa dagaa hakuna aliyethubutu, basi Mama alikuwa anaweka humo chumvi, na sasa ninaweka vifungo na nyuzi. Zuhura ananiambia hakina harufu yoyote. Yeye ana pua za friji.

Tuliporudi Rusimbi sikutegemea mabadiliko, na kwa kweli hayakuwa mengi. Mawese yaliendelea kumwagika, kelele ziliendelea, watu wa juu tukawaita washamba na wao wakatuita wavivu. Lakini siku ile ya kwanza sinia lilipowekwa uani, Mama alichukua kibakuli chake kama kawaida akaelekea kwenye kona yake. Bibi wa Chini hakumwambia ageuke. Alinyanyuka kwa shida, miguu bado imevimba na safari ya mlimani, akakokota ule mlango wa uani ambao haukuwahi kufungwa tangu nizaliwe, bawaba zikalia, akaufunga. Akarudi, akakaa, akakata tonge.

Nje mtu alikuwa anapita. Akaushangaa mlango. "Hodi! Kuna msiba?"

"Tunakula!" Bibi wa Chini alipiga kelele. "Subiri tumalize, nitakuitia ukoko!"

Na Mama kule konani nikamwona mabega yanacheka, kama ya mama yake. Akasogea kidogo. Hakugeuka kabisa, hakuwahi kugeuka kabisa mpaka anakufa. Alikaa upande, ukuta bega moja na sisi bega lingine, na kwa mara ya kwanza nikamwona mama yangu anavyotafuna.